Tumbaku ya nyuma ya jiko: majibu kwa wanaoitetea

Nyuma ya majiko mengi ya Barumbu, mkoani Tshopo, kati ya sombe, lenga-lenga na pilipili, hukosi kukuta mashina matatu au manne ya tumbaku. Mwenye lupango hakuyapanda ili auze. Ni ya mzee anayevuta kiko jioni, ya mama anayenusa, ya jirani atakayepita kuomba jani moja. Ukigusia kwamba ingefaa yang'olewe, unajibiwa kwa hoja, na si hoja za wajinga. Watu wa ukingo huu wa mto Kongo wanajua kilimo. Wakoloni walikuja hapa kufanya majaribio ya kakao na kahawa, na Yangambi, kwa upande wa Kisangani, imekuwa makao ya utafiti wa kilimo tangu enzi za taasisi ya kikoloni ya INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, hadi leo chini ya taasisi ya INERA. Kwa hiyo sina la kumfundisha mkulima wa Barumbu kuhusu kushika jembe. Nataka kuzijibu hoja zake za tumbaku, kwa sababu wanaoumia kwa kuziamini ni watu wa nyumba yake mwenyewe.

"Yetu ni safi. Haina dawa za kiwandani. Inayoua ni sigara ya dukani."

Hii ndiyo hoja mama, nyingine zote zinaiegemea. Ni kweli viwanda huongeza vitu kwenye sigara: sukari, amonia, manukato. Lakini viondoe vyote, na moshi utabaki na sumu zake. Jani lolote likiungua hutoa lami na kaboni monoksidi, ile hewa inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Nyingi kati ya hizo huzaliwa motoni, na moto hauulizi jani limetoka kiwandani au nyuma ya jiko.

Nikotini nayo haitiwi na mtu. Mmea wenyewe huitengeneza mizizini, kisha huipandisha hadi kwenye majani ili kujikinga na wadudu wanaoutafuna. Kila anayejua kulima tumbaku hukata kichwa cha mmea unapotaka kutoa maua, na huondoa machipukizi yanayoota kwapani mwa majani, ili majani yaliyobaki yanenepe. Kitendo hicho hicho ndicho kinachoongeza nikotini. Jani la nyumbani lililotunzwa na mkulima hodari linaweza kuwa kali kupita lile la kwenye pakiti, na wavutaji wenyewe huusifu ukali huo.

Kuna jambo la tatu ambalo halitajwi kabisa. Jani la tumbaku linapokaushwa na kuachwa lichache, ndani yake hutengenezeka nitrosamini, sumu zinazotokana na nikotini na jamii yake. Mbili kati yake, NNN na NNK, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hapa hakuna kiwanda kinachohusika. Kukausha na kuchachusha kunatosha. Anayetaka mfano ulio karibu nasi aangalie Sudan. Huko watu huweka mdomoni kitu kiitwacho toombak: tumbaku ya aina ya Nicotiana rustica, iliyokaushwa, ikasagwa, ikachachushwa na kuchanganywa na magadi. Ni kazi ya mikono, ya nyumbani na ya vibanda vidogo. Wanasayansi walipoipima walikuta kiwango cha nitrosamini ambacho ni miongoni mwa vikubwa kabisa vilivyowahi kupimwa katika tumbaku yoyote duniani, na madaktari wa Sudan wamekuwa wakiwatibu watumiaji wake saratani ya mdomo kwa miaka mingi.

Hapo hapo limepata jibu lake neno la wale wanaosema, "Mimi sivuti, nanusa tu," au "naweka shavuni tu." Wasiovuta wanaepuka lami ya moshi, hilo nakubali. Nitrosamini hawaziepuki, na tumbaku isiyo ya moshi nayo imo katika kundi lile lile la kwanza la IARC.

"Babu alivuta tangu ujana, akafika miaka tisini."

Sina sababu ya kumkanusha babu wa mtu. Ila waliofika tisini ndio tuliobahatika kuwaona wakikaa barazani. Wenzao waliokufa kwa kifua wakiwa na miaka hamsini hawapo kutoa ushahidi wao. Ili kujua ukweli lazima uhesabu wote, walio hai na waliokufa. Uingereza walifanya hivyo. Mwaka 1951 Richard Doll na Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa nchi hiyo, wanaovuta na wasiovuta, na kazi hiyo ikaendelea kwa nusu karne. Matokeo ya mwisho, yaliyotolewa mwaka 2004, yalionyesha kwamba waliovuta sigara bila kuacha walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 kuliko wasiovuta, na kwamba tabia hiyo iliwaua karibu nusu yao au zaidi. Jambo ninalotaka kila mzee wa Barumbu alisikie ni hili: walioacha wakiwa na miaka 60 walijiongezea kama miaka 3 ya kuishi, wa 50 kama 6, wa 40 kama 9, na walioacha wakiwa na 30 waliepuka karibu hasara yote. Mzee anayesema "nimeshachelewa" hajachelewa.

"Ni mmea wa mababu."

Tumbaku ilitoka Amerika, ikaingia Afrika kwa meli za Wareno baada ya safari za Columbus. Muhogo na mahindi vilitoka bara lile lile, na hakuna anayevitetea kwa umri wake. Tunavila kwa sababu vinashibisha.

"Inafukuza wadudu. Maji yake ni dawa ya bustani isiyouzwa."

Hapa watetezi wana ukweli mkononi. Nikotini huua vidukari, na kwa zaidi ya karne mbili wakulima wa Ulaya na Marekani waliinyunyizia bustani zao. Ila wenye kuijua zaidi ndio walioiacha. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeiondoa katika dawa zinazoruhusiwa, na Marekani usajili wa mwisho wa dawa ya wadudu ya nikotini ulifutwa mwaka 2014. Sababu ni kwamba sumu hiyo haichagui. Humuua kidukari, humuua nyuki anayekuja kwenye ua la boga, na hupenya ngozi ya anayeinyunyizia.

Sasa tazama inavyotengenezwa kwetu. Majani yanalowekwa usiku kucha kwenye sufuria au bidoni, maji yanakuwa ya rangi ya chai ya rangi, asubuhi yanachujwa kwa kitambaa na kurushwa kwa ufagio wa majani au kwa mkono mtupu. Hakuna anayejua ukali wake. Mizigo miwili ya majani yanayofanana inaweza kutoa maji yenye sumu tofauti sana, kwa kuwa nikotini hutegemea aina ya mmea, udongo, umri wa jani na kama kichwa kilikatwa. Bidoni hiyo hiyo kesho inaweza kuchotewa maji ya kunywa. Kwa mtoto mdogo, kiasi kidogo tu cha maji hayo kinatosha kumtapisha na kumlegeza, na kikizidi kinasimamisha pumzi. Vidukari vya kwenye pilipili hufa pia kwa maji yenye sabuni kidogo, ukiyarusha hadi chini ya jani wanakojificha. Sabuni iko kila nyumba.

Kuna madhara mengine ya bustanini ambayo mkulima ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuyachukia. Tumbaku, nyanya, pilipili na bilinganya ni ukoo mmoja. Mimea hii hugawana magonjwa. La kutisha zaidi ni virusi vya mozaiki ya tumbaku. Ndivyo virusi vya kwanza kabisa kutambuliwa na wanasayansi. Martinus Beijerinck, wa Uholanzi, alionyesha mwaka 1898 kwamba utomvu wa jani lenye ugonjwa, hata baada ya kuchujwa kiasi cha kutobakisha bakteria, bado unaambukiza. Virusi hivi havihitaji mdudu wa kuvibeba. Vinapita kwa mkono, kwa kisu, kwa nguo. Tena vinabaki na nguvu ndani ya jani lililokauka kwa miaka. Mtu anayesokota tumbaku yake, kisha akainama kufunga nyanya kwenye mti bila kunawa, anaweza kupanda ugonjwa kwenye kila shina analogusa. Majani ya nyanya yanatokea mabaka ya kijani kibichi na njano, yanajikunja, matunda yanapungua. Mwenye bustani anamlaumu aliyemuuzia mbegu.

Na kwa kuwa natetea ukweli, lazima nimjibu pia mtu wa upande wangu. Wapo wanaoipinga tumbaku wakisema ndiyo iliyoleta mozaiki kwenye mihogo yetu. Si kweli. Mozaiki ya mihogo inatokana na virusi vya jamii nyingine kabisa, vinavyobebwa na inzi weupe na, zaidi ya yote, na vipande vya shina tunavyopeana kwa ajili ya kupanda. Ukiing'oa tumbaku yote ya Tshopo, muhogo wako utaendelea kuugua kama unapanda vijiti kutoka shamba lenye ugonjwa. Dawa yake ni kuchagua vijiti safi na aina zinazostahimili. Tusimpe mkulima sababu ya uongo, kwa maana siku akiugundua uongo huo hatatuamini hata tunapomwambia yaliyo kweli.

"Ni dawa ya binadamu pia: ya jino, ya kidonda, ya nyoka."

Wa nyoka namjibu kwanza, maana ndiye anayeweza kufa leo. Maji ya tumbaku hayazuii sumu ya nyoka. Ukiyapaka kwenye jeraha unaongeza sumu ya pili inayoingia kwenye damu kupitia ngozi iliyochanika, na saa moja inayopotea katika kutafuna na kubandika majani ndiyo saa ambayo mtu angekuwa kwenye mtumbwi au pikipiki kuelekea hospitali. Aliyeumwa atulizwe, mguu au mkono usichezeshwe, usikatwe kwa wembe, na safari ianze mara moja.

Kuhusu jino, wanaotafuna tumbaku wanasema fizi zao hazitoki damu. Wanasema kweli, na hapo ndipo penye hatari. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, basi fizi iliyooza inaonekana kavu na nzima. Ugonjwa unaendelea chini kwa chini hadi jino linalegea.

Vijana waliosoma huleta hoja mpya zaidi: kwamba tumbaku imetoa dawa ya Ebola. Nalipenda swali hili, kwa sababu jibu lake linapita nyumbani kwetu. Ni kweli dawa iitwayo ZMapp, iliyojulikana wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014, ilitengenezwa ndani ya majani ya Nicotiana benthamiana. Huo ni ndugu wa tumbaku mwenye asili ya Australia, na mmea ulitumika tu kama chungu cha kupikia kingamwili ambazo wanasayansi walikuwa wameshazichagua. Jani lake ukilivuta au kulitafuna halikupi kinga yoyote. Kisha ZMapp ilipimwa hapa Kongo, Ebola ilipopiga Kivu Kaskazini na Ituri. Jaribio lilianza Novemba 2018, likasimamishwa Agosti 2019 kwa sababu dawa nyingine mbili ziliokoa watu wengi zaidi. Moja ya hizo mbili, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kazi iliyofanywa na INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na Wamarekani. Iliyotangulia mbele ya dawa ya majani ya tumbaku ni dawa iliyotoka kwenye damu ya Mkongomani aliyepona.

"Kuigusa hakuna ubaya. Hata mtoto anaweza kuchuma."

Jani bichi la tumbaku lina vinyweleo vyenye gundi. Chuma majani kumi, na vidole vinaanza kunata. Chuma ishirini, gundi inageuka ya kahawia, kisha nyeusi, na maji matupu hayaitoi. Ndani ya gundi hiyo na ndani ya utomvu mna nikotini, na nikotini huyeyuka kwenye maji. Jani likiwa na umande au mvua, sumu huingia mwilini kupitia ngozi na kupitia nguo iliyolowa. Mtu anapata kizunguzungu, kichwa kinauma, tumbo linasokota, anatapika, jasho linamtoka. Madaktari waliuandika ugonjwa huu mwaka 1970, walipouona kwa wachuma tumbaku wa Florida, Marekani, na tangu hapo umeonekana katika nchi nyingi zinazolima tumbaku. Kwetu ambako mvua ya mwaka inafika kama milimita 1,800 na asubuhi karibu zote majani huwa yamelowa, ni lini mtu atachuma jani kavu?

Mtoto huumia zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo na hajauzoea nikotini. Tena dalili zake zinafanana na za malaria inapoanza. Mtoto anayerudi bustanini akitapika na kulalamika kichwa atapewa vidonge vya malaria, atalala, kesho ataamka mzima, na wiki ijayo atatumwa tena kuchuma.

"Inaota yenyewe, haina gharama, na ikizidi unapata pesa."

Anayesema inaota yenyewe ameona shina moja lililojiotea kwenye jalala. Kuilima ni kazi nyingine. Mbegu zake ni vumbi. Gramu moja ina mbegu 10,000 au zaidi. Ukizifukia hazioti vizuri, maana zinataka mwanga, kwa hiyo unazimwaga juu ya udongo laini wa kitalu, na mvua moja kubwa ya hapa kwetu inazikokota zote hadi mtaroni. Zikishaota, miche inakaa kitaluni wiki sita hadi nane, ikitaka kivuli, maji na jicho la mtu kila siku. Kisha kuhamisha, kupalilia, kukata vichwa, kuondoa machipukizi mara kwa mara.

Na ugumu wenyewe unakuja baada ya kuchuma. Tumbaku inayokaushwa kwa hewa inataka wiki nyingi kwenye hewa ambayo si kavu sana wala si ya majimaji. Hewa ya ukingo wa mto wetu ni ya majimaji karibu mwaka mzima. Jani linaning'inizwa chini ya paa, ubapa wake unaanza kuwa wa njano, lakini uti wa katikati, ulio mnene, unabaki na maji. Hapo ukungu unaingia. Unaona utando mweupe kwenye uti, halafu jani lote linakuwa laini, jeusi, linanuka. Ndiyo maana watu huyahamishia majani juu ya meko, yakakaushwa kwa moshi wa kuni. Yanakauka, ndiyo, yakiwa yamenyonya masizi wiki nzima, na masizi ya kuni yana vitu vyake vya saratani. Hiyo ndiyo tumbaku inayoitwa safi.

Kuhusu pesa, tuwaulize waliotangulia. Urambo, mkoani Tabora, Tanzania, tumbaku imelimwa tangu miaka ya 1950, baada ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza kuanguka. Misitu ya miombo imekatwa kwa ajili ya mabani ya kukaushia, na wakulima wengi wamezoea kuchukua mbolea na dawa kwa mkopo unaokatwa siku ya mauzo, wakabaki na kidogo. Migori, Kenya, ambako tumbaku ilikuwa zao la biashara kwa miaka mingi, maelfu ya wakulima wamehamia maharage yenye madini mengi ya chuma, kwa msaada wa WHO, FAO na WFP. Mwaka 2023 WHO iliifanya Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani kuwa ya kudai chakula badala ya tumbaku, ikiwataja wakulima hao wa Migori. Nchi yetu ni mwanachama wa mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku tangu mwaka 2005, na kifungu chake cha 17 kinazitaka serikali kuwasaidia wakulima wa tumbaku kupata zao lingine. Walioishi kwa tumbaku wanatafuta mlango wa kutokea. Sioni kwa nini sisi tulio na mashina manne tutafute wa kuingilia, tena katika nchi ya kahawa. Robusta yenyewe, inayonywewa leo dunia nzima, ilianza kuuzwa Brussels karibu na mwaka 1900 kutokana na mbegu zilizotoka upande wa Lomami, mto unaomwaga maji yake Isangi, jirani zetu kabisa.

Kwa aliye tayari kuyang'oa mashina yake, fanya kazi hiyo mchana jua likiwa limekausha majani, ukiwa na mikono mirefu ya nguo, na watoto wakae mbali. Toa na mizizi. Usiyafanye mbolea ya bustani na usiyalishe mbuzi. Chimba shimo mbali na kisima uyafukie. Nawa kwa sabuni, na kisu kioshwe kwa sabuni pia. Kisha usikimbilie kupanda nyanya, pilipili wala bilinganya mahali hapo, maana magonjwa ya ukoo huo yanabaki kwenye mabaki ya mizizi na udongoni, pamoja na minyoo fundo inayovimbisha mizizi ya mazao mengi. Tuta hilo lipe karanga msimu wa kwanza. Minyoo fundo wengi wanaopenda tumbaku hawaziwezi, na mwisho wa msimu unazila.